Ndovu Niliyemwacha Nje ya Insha

Mwaka 2003 nilikuwa darasa la nane katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Voi. Ndio mwaka serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, na tulipofungua Januari tulikuta watu ni wengi kuliko madawati. Walirudi wavulana walioacha shule miaka miwili mitatu nyuma kwenda kuchunga mbuzi au kubeba mizigo stendi, na sasa ndevu zilikuwa zimeanza kuwachomoza. Tulibanana wanne kwenye dawati la watu wawili. Mtu akiandika, kiwiko chake kilimgonga jirani.

Hata katika msongamano ule hapakuwa na mtahiniwa asiye na daftari la msamiati. Aliyesoma Kenya enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, analijua daftari hilo. Langu nililivika gazeti, na juu ya gazeti nikalivika nailoni ili vumbi lisiliharibu. Ndani nilikuwa nimenakili kurasa kwa kurasa za maneno ya watu: jinsi ya kuanza insha asubuhi, jinsi ya kuianza jioni, jinsi ya kulia, kukimbia, kuogopa, kumsifu msichana, na jinsi ya kumaliza. Asubuhi ya daftari ilikuwa moja tu. Majogoo yaliwika, umande ulitanda nyasini, ndege walimsifu Jalali kwa sauti nyororo, na baridi shadidi ikapenya hadi kwenye uboho wa mifupa. Katika asubuhi hiyo mtu haamki, anarauka. Haogi, anajitoma bafuni. Akitoka anashika kiguu na njia, na kabla hajafika aendako anakumbuka kwamba wahenga hawakukosea waliponena jambo fulani.

Tuliyakariri hayo kama tulivyokariri hesabu za kuzidisha. Wakati wa mapumziko tulisikilizana wawili wawili, mmoja amelishika daftari, mwingine amefumba macho.

Sasa nieleze asubuhi ya kwetu ilivyokuwa. Voi ni nchi kavu yenye udongo mwekundu, na udongo huo hushika kila kitu: soksi za shule, kuta, mbuzi, majani ya mwarobaini. Hata ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu hujimwagia vumbi hilo, na mgeni akiwaona mara ya kwanza hudhani wamepakwa rangi. Umande niliuona siku chache mno katika mwaka. Kilichoniamsha mimi ni garimoshi la Mombasa likipiga honi gizani, kisha kikohozi cha babu, kisha mlio wa madumu matupu nyanya akiyafunga pamoja kwa kamba twende tukapange foleni ya maji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwamo katika daftari langu.

Babu alikuwa na shamba chini ya mlima Sagalla, upande unaopakana na mbuga. Tsavo ilitengwa kuwa mbuga mwaka 1948, yeye akiwa kijana, na alikuwa akituonyesha kwa fimbo mahali baba yake alipokuwa akitundika mizinga, ng'ambo ambako sasa hatukuruhusiwa kukanyaga. Sisi hatukuingia kwao, lakini ndovu waliingia kwetu. Miaka ya baadaye wakulima wa Sagalla walianza kuzungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, maana ndovu humwogopa nyuki. Wakati huo bado. Wakati huo tulikuwa na makelele, moto na moshi wa pilipili.

Usiku mmoja wa Februari, mahindi ya vuli yakiwa yamekomaa, babu alikuja akanigusa mguu. Hakuniita jina. Niliamka nikasikia mabua yakivunjika, polepole, kama mtu anayevunja kuni bila haraka, na chini ya sauti hiyo ngurumo nyingine nzito nisiyojua inatoka wapi. Babu akaninong'oneza kwamba ni tumbo lake. Alikuwa mmoja, dume, na alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu yake kabla ya kumwona. Nyanya alitoka na kurunzi. Babu alikuwa ameshaweka makaa kwenye kigae pamoja na kinyesi kikavu cha ndovu na pilipili kichaa, akawa anapuliza huku machozi yanamtoka. Jirani yetu, mama mjane, alikuja mbio kupitia ua akipiga chombo cha bati kwa mwiko na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu kabisa. Mimi nilipewa debe. Nililipiga mpaka vidole vikachubuka, na muda wote huo nilikuwa nikimtazama yule mnyama akila. Hakushtuka. Alikuwa akiinua mahindi kwa mkonga, anayapigapiga mguuni kukung'uta udongo, ndipo anakula. Sikuwahi kuona kiumbe akila kwa utaratibu namna ile katikati ya watu wanaomfukuza.

Alipoondoka kulikuwa kunakucha. Alipita kwenye tangi letu la maji akalilaza ubavu. Babu alizunguka safu kwa safu akiokota mahindi yaliyovunjika, akarudi akasimama kwenye unyayo mmoja mkubwa, akaweka humo miguu yake yote miwili, na ilitosha.

Julai tukafanya mtihani wa majaribio wa wilaya. Insha ilikuwa na alama 40 na dakika 40, kama KCPE yenyewe. Kichwa kilikuwa kile kinachojulikana na kila mtoto: siku ambayo sitaisahau maishani.

Niliandika juu ya ajali. Nilikuwa nimeikariri kutoka kwenye karatasi za insha za mfano zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono, shule hadi shule. Aliyeitunga sikumjua, na hadi leo simjui. Kulikuwa na lori lililopoteza mwelekeo kwenye barabara kuu ya Mombasa, likabingiria mara tatu, na utingo kijana akafa mikononi mwa msimulizi huku akiagiza salamu kwa mama yake. Niliongeza majogoo na umande mwanzoni, wahenga mwishoni. Nikapata alama 38. Insha ilisomwa gwarideni, mbele ya shule nzima, na nikapewa kamusi.

Habari ilimfikia babu kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta chini ya mwarobaini akisokota kamba ya mkonge. Ujanani alikuwa mkata mkonge, na mikono yake haikuacha kazi hata alipokuwa akipumzika. Hakujua kusoma. Akaniambia nivute kigoda nimsomee hiyo insha iliyoleta kamusi.

Nikasoma kwa madaha, kama mwalimu alivyosoma. Nilipofika mahali utingo anapokata roho, babu akaacha kusokota. Nilipomaliza akakaa kimya kitambo, kisha akavua kofia.

"Maskini. Ni kijana wa nani huyo?"

Sikumwelewa.

"Huyo utingo. Kwao wapi? Wameshamzika?"

Nikatazama chini. Babu akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa noti ya shilingi 50 iliyokunjwa ikawa ndogo kama ukucha. Pesa ile ilikuwa ya sukari, nilijua. Akaninyooshea. "Kesho mpe mwalimu wenu apeleke kwa mama yake. Hata kama matanga yameisha, hawakosi shida."

"Babu, hakuna aliyekufa. Ni insha tu."

"Kwani hukuwapo?"

"Sikuwapo."

"Aliyekuwapo ni nani?"

"Sijui."

Hakunikaripia. Aliikunja ile noti upya, taratibu, kwa mikunjo ileile. Alirudisha kofia kichwani, akachukua kamba yake. Baadaye, nilipokwisha kuinuka, ndipo aliposema: "Na usiku wa ndovu? Wamekuuliza siku usiyoisahau, huo hukuukumbuka?"

Niliukumbuka. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule na siku nyingi baadaye. Nilipofungua karatasi ya mtihani na kusoma kichwa, wa kwanza kunijia alikuwa yule ndovu, na mikono ya babu, na kigae cha pilipili. Nikawafukuza. Sikunakili ajali kwa uvivu. Kuikariri kulinigharimu kazi kubwa kuliko ambavyo kungenigharimu kusema nilichokiona. Niliinakili kwa kuwa niliamini insha ni mahali pa watu wengine. Daftari halikuwa na neno la tumbo linalonguruma gizani, wala la tangi lililolala ubavu, na nikakata shauri kwamba kama neno halimo basi jambo lenyewe halifai kuandikwa. Nilikuwa na miaka 14, na tayari nilikuwa nimejifunza kwamba maisha ya babu yangu hayafai kuwekwa kwenye karatasi.

Ningependa kusema kwamba niliacha siku hiyohiyo. Sikuacha. Novemba ilipofika niliingia kwenye KCPE na majogoo yangu na umande wangu, kwa hofu, na nilipita vizuri.

Kidato cha kwanza nikampata mwalimu wa Kiswahili ambaye hakusema mengi. Aliporudisha insha yangu ya kwanza, aya ya mwanzo yote ilikuwa imepigwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, wa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Hakuandika maoni. Alama zilianza kuhesabiwa kutoka aya ya pili. Insha ya pili akafanya vivyo hivyo. Ya tatu nikaianza moja kwa moja kwa jambo lenyewe, kwa kuwa nilichoka kupoteza aya, na hakuikata. Nadhani alifanya hivyo kwa darasa zima, mwaka mzima, wanafunzi zaidi ya 40, bila kuhubiri hata mara moja. Kwa sasa ninavyoijua kazi ya kusahihisha, ninajua ilimtaka subira kiasi gani.

Chuo kikuu nikaanguka tena, safari hii vibaya zaidi kwa kuwa nilikuwa mtu mzima. Somo lilikuwa fasihi simulizi, na tulitakiwa kukusanya nyimbo za kazi au za harusi na kuzichambua. Mwanafunzi aliyetutangulia alikuwa ameacha kazi yake kwenye kompyuta ya bweni. Nyimbo zilikuwa za harusi za upande wa Lamu, zimepangwa vizuri, uchambuzi umekamilika. Nilibadilisha maneno hapa na pale, nikaweka jina langu. Mhadhiri aliniita ofisini, akafungua ukurasa wa tatu, akaniuliza: "Huyu bibi aliyeuimba wimbo huu, alikuwa ameketi au amesimama?" Nikasikia sauti ya babu. Kwa mara ya pili maishani nilikuwa nimeulizwa aliyekuwapo ni nani, na kwa mara ya pili sikuwa na jibu.

Nilipewa sifuri na nikarudia somo. Likizo ile nilikwenda nyumbani na kinasa sauti cha kuazima, nikaketi jikoni kwa nyanya siku tatu. Siku ya kwanza alikataa kuimba, akasema nyimbo za kusaga haziimbwi bila kusaga. Ikabidi tutafute jiwe, lile la zamani lililokuwa limefanywa ngazi ya mlango. Alipolishika mikononi, nyimbo zikaja. Katika mkanda mzima nilipata nyimbo tatu zinazosikika, na katika mojawapo kuku anaingilia kati. Kazi ile ilikuwa fupi kuliko ile niliyoiiba, na ilikuwa na mapengo. Lakini ungeniuliza chochote, alikuwa amevaa nini, mkono gani ulisukuma jiwe, kwa nini ubeti wa pili aliurudia, ningekujibu.

Ninafundisha Kiswahili shule ya upili tangu 2012. Ninaijua sasa insha kutoka upande wa pili wa meza. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, karatasi ya kwanza hutaka insha mbili, kila moja ya alama 20, isiyopungua maneno 400. Sheria za kusahihisha zinamshusha hadi kiwango cha chini kabisa anayejitungia swali lake na kulijibu, na hilo ndilo kosa la hifadhi ya kichwani: mtoto amekariri ajali, ameulizwa juu ya ukame, basi anatafuta njia ya kuipitisha ajali yake katikati ya ukame. Ninawaona wakihangaika. Unasoma aya mbili za Kiswahili kitamu kabisa, na ghafla sentensi ya tatu inakuwa ya mtu mwingine, imepinda, inatafuta njia, na hapo ndipo ninaposogeza kiti mbele, maana ndipo mwanafunzi wangu anapoanza kusema.

Fasihi nayo ina ugonjwa wake. Kila riwaya na tamthilia inayotahiniwa ina miongozo yake madukani, na wanafunzi huusoma mwongozo wakaiacha riwaya. Swali la ufisadi lina hoja nane, za mpangilio uleule, mifano ileile, kutoka Vanga hadi Turkana. Nimewahi kusahihisha darasa zima ambalo limeurudia mfano mmoja wa mwongozo uliokosea jina la mhusika. Siku hizi kuna na programu za akili bandia kwenye simu. Insha zake hazina kosa la tahajia, na ndani yake hamna mtu.

Wenzangu wengine huniuliza kama ninapinga kukariri. Sipingi. Nimekulia katika lugha ambayo watu wake wamehifadhi tenzi nzima vichwani, na madrasa na kanisa vyote vilinifunza kushika neno la mwingine kwa heshima. Babu mwenyewe alikuwa amejaa maneno ya wengine. Lakini aliyagawa kwa jina. Angesema, "Marehemu mjomba alikuwa na neno lake," ndipo analitoa, na mtu akilirudia siku nyingine alilitaja kuwa la mjomba wa fulani. Hata methali, ambazo ni mali ya wote, hakuzitumia kwa pambo. Alizitoa palipokuwa na ugomvi wa kuamua au msiba wa kubeba.

Kuna jambo lililonisumbua muda mrefu hapa. "Paukwa! Pakawa!" nayo ni mwanzo wa kukariri. Kila msimulizi anaanza hivyo. Kwa nini hiyo hainiudhi na umande unaniudhi? Nimekuja kuona kwamba paukwa ni kubisha hodi. Hakuna anayedhani hodi ni maneno yake, na hakuna anayeishia mlangoni. Babu akishaitikiwa, sungura wake alikwenda kunywa maji mto Voi, si mto wowote, na fisi alijificha nyuma ya mbuyu ulioko njia ya Ndara, tuliokuwa tukiupita kila Jumapili. Hadithi aliirithi, lakini aliileta ikaketi nasi. Mshairi Muyaka bin Haji alifanya jambo hilohilo Mombasa, karne mbili zilizopita. Mizani na vina aliyakuta. Alichotia ndani yake ni Mombasa yake, vita vyake na Zanzibar, mapenzi, shida za nyumbani, ndiyo maana bado tunamsoma. Yule aliyeandika kwanza kuhusu umande huenda aliuona kweli, asubuhi fulani, mahali fulani pa baridi. Yeye simlaumu. Alichokiona tumekichukua tukakivalisha macho ya watoto ambao hawajawahi kulowa miguu.

Darasani mwangu nilianza na katazo moja: mwezi mzima hakuna kuanza insha kwa hali ya hewa. Kisha nikawa ninawaomba, kila Jumatatu, mistari kumi juu ya kitu kimoja walichokiona kabla ya kufika shuleni. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Walikaa na kalamu hewani. Mmoja alilia, msichana mwerevu, wa kwanza darasani, kwa sababu bila daftari lake alijiona yuko uchi. Muhula ule alama zilishuka, na mzazi mmoja alikuja kulalamika kwa mwalimu mkuu, na alikuwa na haki ya kuogopa. Sikuwa na la kumwonyesha bado.

Halafu kijana mmoja anayeishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge akaandika kwamba nguo za baba yake hazianikwi pamoja na za watoto, kwa kuwa utomvu wa mkonge unawasha. Akaandika kwamba baba yake, akiwa usingizini, mkono wa kulia hucheza: anakata mwiba wa ncha, anarusha jani, anakata mwiba. Nilikuwa nimekwisha kusahihisha insha 50 siku hiyo. Nilisimama nikatoka nje. Nilimwona babu pale kwenye kigoda, na nikajiuliza ni mara ngapi nilimwona mikono ikicheza nikadhani ni uzee.

Msichana aliyelia aliandika juu ya foleni ya maji, na uzi wa rangi anaoufunga kwenye mpini wa dumu lake ili alijue kati ya madumu mia ya manjano. Uzi ulikuwa wa sweta ya dada yake aliyeolewa mbali. Hakusema anamkumbuka dada yake. Aliufunga tu uzi.

Lugha yao ilipungua mapambo, hilo ni kweli. Lakini iliongezeka maneno. Walianza kuniuliza: Mwalimu, kile kitambaa cha duara wanachokiweka kichwani chini ya mtungi kinaitwaje? Kata, nikawaambia. Mwalimu, povu linalobaki kwenye sufuria? Mwalimu, sauti ya punda akiwa amechoka? Mengine nilikuwa sijui, tukaenda pamoja kuwauliza wapishi wa shule. Katika miaka yangu yote ya daftari la nailoni sikuwahi kulihitaji neno. Nilikuwa ninayo maneno, nikitafuta mahali pa kuyatupia. Hawa walikuwa na jambo mkononi na wanatafuta neno lake, na neno walilolipata hivyo halikuwatoka tena.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwanzoni mwa 2024 niliwapokea watoto wa mwisho waliotoka huko, na walikuja na majogoo yao. Bado ninapiga mstari wa mshazari, kama nilivyopigiwa.

Babu alifariki miaka kadhaa kabla ya hapo, akiwa mzee sana. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu katika familia, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu wa kusomwa mazikoni. Binamu yangu, kwa nia njema, aliniletea wasifu wa mazishi mengine kwenye simu, nijaze tu majina na tarehe. Marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu, nguzo ya familia. Yote yalimfaa babu. Yangemfaa na mtu yeyote aliyelala kwenye jeneza lolote wiki ile. Nilikaa nayo mpaka usiku wa manane. Nikaizima simu, nikachukua karatasi, nikaandika kuhusu kugusa mguu bila kuita jina.

Niliusoma chini ya turubai, mbele ya watu wengi, udongo mwekundu umeshachimbwa pembeni. Nilisoma juu ya kigae na pilipili, na machozi yanayomtoka huku akipuliza. Nilisoma juu ya miguu miwili ndani ya unyayo mmoja. Nilipofika pale jirani anapokuja mbio akiimba na kupiga debe, nikasikia sauti kutoka safu ya tatu.

"Halikuwa debe."

Alikuwa yule mama mjane, sasa kikongwe, amejitanda leso mbili. Watu wakageuka. Mchungaji akainua mkono kumtuliza, lakini yeye alikuwa ameshasimama, ameshika bega la mjukuu wake.

"Debe ulipiga wewe, mwanangu. Mimi nilipiga karai. Karai langu la kufulia. Nililipiga mpaka likabonyea, na mpaka leo liko kwangu na bonde lake."

Mzee mmoja wa upande wa kina nyanya akasema hapana, yeye anakumbuka ndovu walikuwa wawili. Kikongwe akamjibu kwamba yeye hakuwapo, alikuwa Taveta mwezi ule. Mwingine akataja tangi, liliangukia upande gani. Mchungaji akashusha mkono. Nikasimama na karatasi yangu, nikangoja, huku wakibishana juu ya babu yangu.